Plasta ya Ijumaa

...na wala si harufu iliyonishtua, harufu nimeizoea, nimeshawahi kula mkate kwa mkono huu na mkono ule umeshika beseni la usaha, kilichonishtua ni hii plasta ya pili iliyokuwa chini ya plasta ya kwanza, sasa imeninata kwenye kidole cha glavu na haitoki, naikung'uta haitoki, naisugua kwenye ukingo wa kitanda haitoki, imeandikwa Jumatano kwa mwandiko wangu mwenyewe, ile J yangu yenye mkia mrefu kama wa panya, na plasta ya juu niliyoibandua kwanza imeandikwa Ijumaa, mkia uleule, panya yuleyule, na leo ni Jumatatu, na mtu yeyote mwenye macho mawili na akili ya darasa la pili akiziona plasta hizi pamoja atajua kwamba Ijumaa sikuifungua bandeji hii, nilibandika tu plasta mpya juu ya bandeji kuukuu, nikaandika siku, nikatia sahihi kwenye fomu ya ziara, kidonda kimesafishwa, hali inaridhisha, nikajiendea zangu... siku tano, bandeji ya siku mbili imekaa siku tano kwenye kisigino cha mama mwenye sukari, na sasa nimeinama juu ya huo mguu, nimeupa mlango mgongo, na nyuma ya mgongo wangu wamesimama wanawake wawili, mkamwana wa huyu bibi, ambaye ndiye anayemwuguza mchana na usiku, na binti yake mkubwa, ambaye hauguzi kitu, anakagua, mmoja ameshika beseni na mwingine ameshika pua. “Sista, kuna nini, mbona umenyamaza?” anauliza mwenye pua, na mimi nasema kitu cha kwanza kinachonijia mdomoni, “Shashi imegandana na nyama, tukiivuta hivi tutamuumiza, inabidi tuiloweshe kwa maji ya chumvi, tusubiri dakika kumi,” na ni kweli, kila neno ni kweli, imegandana, lakini hizo dakika kumi nimezitaka kwa ajili yangu si kwa ajili yake, namimina maji ya chumvi taratibu kutoka kwenye chupa, nafunika na shashi nyingine mbichi, na shingo yangu inakataa kugeuka.

Dakika kumi, mtu anaweza kufanya mengi katika dakika kumi, anaweza hata kusema ukweli na zikabaki nane... chini ya shashi najua kilichopo, nimeuona ukingo wake, mweusi, na vidole viwili vya mwisho vimekuwa zambarau, nimevibonyeza na damu hairudi, huu mguu unakwenda kukatwa, ukibahatika utaishia chini ya goti, na Jumatano kidonda kilikuwa chekundu, wekundu mzuri wa nyama inayoota, nilijisifu nacho kituoni, maana sisi wauguzi wa majumbani hatuwaiti wagonjwa kwa majina, tunawaita kwa viungo, Mzee wa Mpira wa Mkojo, Kijana wa Uti wa Mgongo, Bibi wa Kisigino, na tukikaa kujaza fomu tunaulizana kisigino hakijambo kama watu wanavyoulizana watoto hawajambo, na Jumatano nikasema hakijambo, mwezi ujao kinafunga. Kidonda hakisomi fomu, alikuwa akituambia mwalimu wetu wa chuo, mama mmoja mnene anayehema akipanda ngazi, hakisomi fomu nyie wasichana, mwandike msiandike kinakwenda njia yake, na sisi tulikuwa tunamwigiza bwenini, tunahema, tunacheka. Na ukiniuliza Ijumaa kwa nini, ningesema uchovu, ningesema ilikuwa nyumba ya sita, mvua inakuja, nimebakiwa na pakiti moja ya shashi na bado nyumba moja mbele, na yote hayo ni kweli na hakuna hata moja lililo sababu, sababu ni hii hapa kwenye mkono wangu, inaanzia kiwiko na kuishia kwenye saa, Jumatano alinikwangura, huyuhuyu, kiharusi kilimchukulia mkono wa kushoto na maneno yote isipokuwa matatu, maji, sitaki, huyo, lakini kikamwachia mkono wa kulia na kucha zake, na akishakukwangura anakuchekea kwa nusu ya mdomo iliyobaki, miezi mitano namsafisha na miezi mitano ananikwangura, basi Ijumaa nilipoingia nikamkuta amelala mdomo wazi, mkamwana yuko uani anaanua nguo, nikamtazama, nikasema moyoni, leo lala na uchafu wako, na wewe uonje... uonje, ndivyo nilivyosema, si nimechoka, na niliposema nikasikia raha, si raha kubwa, ile ya kuvua viatu ukifika nyumbani. Nikakata kipande cha plasta, nikaandika, nikabandika, hata ile ya chini sikuona haja ya kuibandua, huo ndio uvivu ndani ya uvivu, mwizi anayesahau kofia dirishani, nikatia sahihi, nikafunga mkoba, nikainua macho, na jicho moja la bibi lilikuwa wazi.

Liko wazi hata sasa, yote mawili, ananitazama kutoka kwenye mto, mtu ameshakula chumvi ya kutosha huyu, wanasema kituoni kwamba hajui leo ni siku gani, msimamizi wetu aliandika kwenye faili mgonjwa haelewi mazingira, lakini mimi najua anaelewa, anaelewa nani anaogopa na nani haogopi, na leo ameshaijua zamu yangu... tulia, kwanza hii glavu, glavu huvuliwa kwa kugeuzwa ndani nje ili uchafu ubaki ndani, hilo nalo tulifundishwa, nabana ukingo kwenye kifundo cha mkono, navuta, Jumatano inazama ndani ya glavu, glavu inazama ndani ya glavu ya pili pamoja na Ijumaa yake, fundo, mfuko wa taka, kwisha, imekuwa rahisi mpaka nimeona haya, miaka kumi na tisa ya kuvua glavu na sikuwahi kujua zinafaa kwa kazi hii pia. Mwenzetu mmoja alifukuzwa mwaka juzi, alisaini ziara ya mzee fulani, mgonjwa ametulia, hana malalamiko, na mzee alikuwa amezikwa siku mbili kabla, tulicheka wiki nzima, hana malalamiko, tulikuwa tunaambiana hivyo kila tukipeana zamu, tukacheka mpaka machozi, na baada ya kufukuzwa hakuna hata mmoja wetu aliyempigia simu, alinyang'anywa leseni, nilimwona siku moja amekaa mbele ya duka la dawa anapima watu uzito, mizani yake miguuni, nikavuka barabara. “Hii harufu ni ya kawaida?” anauliza binti mkubwa, na mkamwana anajibu kabla yangu, kwa sauti ya chini, “Juzi haikuwepo wifi, imeanza jana usiku, nikasema asubuhi sista akija nitamwambia,” na wifi yake anasema, “Sikukuuliza wewe, namuuliza mtaalamu,” na mtaalamu anasema, “Tukifungua tutajua,” mtaalamu ameshajua, la kuvunda halina ubani, mtaalamu anajimiminia maji ya chumvi mikononi na kunawa polepole, muda upite.

Maana leo asubuhi huyu binti mkubwa alinisimamisha mlangoni, kabla sijavua viatu, mkoba wake wa ngozi kwapani, akaninong'oneza kama vile tumesoma pamoja, “Leo nimekuja kuona kwa macho yangu, dada, kila siku naambiwa mama anatunzwa, anatunzwa, mimi simwamini huyu, nikikuta kasoro moja tu anafungasha leoleo na wanawe, kaka yangu nimeshaongea naye, amesema nitakaloamua ni sawa,” huyo kaka ndiye mume wa mkamwana, anafanya kazi mbali, anarudi mara mbili kwa mwaka na zawadi kwa mama na zawadi kwa dada, na mimi nikatabasamu, nikasema tutaona, nikijua hakuna kasoro, mahali pengine zipo lakini hapa hakuna, nyumba saba ninazozunguka ni hii peke yake yenye shuka lililopigwa pasi, ni hapa tu ninapokuta sabuni mpya haijafunguliwa karatasi, taulo juu yake, limekunjwa, ni huyu peke yake anayesimama nikiingia na kuniuliza nimeamkaje na kungoja jibu. Miezi mitano iliyopita hakujua hata kumgeuza mgonjwa, alikuwa anamvuta kama gunia, nikamfundisha, mkono huu chini ya bega, goti lako hapa, vuta shuka usimvute mtu, na akashika, mpaka akaweka kengele kwenye simu, kila baada ya saa mbili anaamka kumgeuza, na akanunua daftari la shule la mistari, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, anaandika humo kila kitu, saa nne upande wa kulia, saa sita chali, amekunywa kikombe kimoja, amekataa uji, hakuna aliyemwambia aandike, nilimtania siku moja kwamba wewe utatunyang'anya kazi, akacheka akaziba mdomo kwa mkono... daftari, Mungu wangu, daftari, kila kitu humo ni kila kitu, na mimi nimo, anaandika sista ameingia saa fulani, sista ametoka saa fulani, nimewahi kuliona kwa macho yangu, niliona ni adabu, na Ijumaa nilikaa dakika saba, kubadilisha kisigino hiki ni dakika arobaini, hata mtoto wa jedwali la kuzidisha angeuliza, na sasa nasikia karatasi zinafunuliwa nyuma yangu, kijanja nageuza kichwa kama mtu anayetafuta mkasi, ndiyo, binti mkubwa amelichukua daftari pale juu ya meza ya dawa, amevaa miwani yake, analamba kidole, anafunua.

Nitasema. Nitahesabu mpaka ishirini kisha nitageuka, nitasema dada hili ni langu, Ijumaa sikufungua, mlaumuni aliyekosa, moja, mbili, na baada ya hapo litakalokuwa na liwe, tatu, nitakwenda kwa msimamizi mwenyewe kabla hawajanipeleka, nne, nitakaa mbele ya duka la dawa na mizani miguuni, tano, na wenzangu watavuka barabara, watasema kituoni hali inaridhisha, hali inaridhisha, watacheka mpaka machozi, sita... na kwani nikisema mguu utapona, hautapona, mguu umeshakwenda, ukweli wangu hautarudisha damu kwenye vidole viwili, utatoa tu mtu mwingine kazini, na nyumba sita zilizobaki nani atazizunguka, Mzee wa Mpira nani atambadilishia mpira, unaona, nina sababu nzuri, saba, sababu nzuri hazikosekani, anayezitafuta huzipata mfukoni mwake. “Jumamosi,” anasoma binti mkubwa, kwa sauti, polepole, na Jumamosi iko chini ya Ijumaa, amepita Ijumaa, macho yake yamepita juu ya dakika zangu saba yasione kitu, yule hakuwa anatafuta kosa la nesi, “Jumamosi, saa tatu asubuhi, nimemwogesha mama mwili mzima,” anafunga daftari na kidole chake ndani, “mwili mzima, kumbe ulimwogesha.” “Ndiyo wifi,” anasema mkamwana, “kila Jumamosi, asikae na jasho,” na mwingine anasema, “Na hii bandeji ilikuwa inachuruzika hata kabla ya maji ya chumvi, maji hayo yametoka wapi?” na mkamwana, “Mguu niliufunga mfuko wa plastiki, nikabana na mpira juu ya goti, kama sista alivyonifundisha, haukuguswa na tone, muulize sista,” na najua bila kugeuka kwamba ananitazama mimi, anatazama kisogo changu kwa imani yake yote, kama mtoto aliyeulizwa na mwalimu mkuu mbele ya mwalimu wake wa darasa.

Maji yaliyolowesha bandeji hayakutoka kwenye ndoo yoyote, yametoka ndani, kidonda kilicholala siku tano kinajilowesha chenyewe, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua, rangi yake tu inasema, na mimi nafungua mdomo, nimefika wapi, saba, nane, nafungua mdomo kusema nane na nasikia sauti yangu ile ya kazini, ile tulivu, inasema, “Mfuko wa plastiki huwa unavuja wakati mwingine.” Ni kweli. Huwa unavuja, wakati mwingine, sijasema huu, sijasema ulivuja, nimetaja tabia ya mifuko... hata mimi nilikuwa mkamwana, nilikuwa na umri kama wake, kioo cha kabati la mama mkwe wangu kilivunjika, alikivunja mwenyewe, alikigonga kwa mpini wa ufagio akitafuta panya, na jirani alikuwa dirishani anaona, na mawifi walipokuja mama mkwe akaninyooshea mimi kidole, na mimi nikamwangalia jirani, nikamwangalia sana, mwanamke tuliyekuwa tunachota maji pamoja, akainama akaanza kumfunga mtoto wake kamba za viatu, mtoto alikuwa amevaa ndala, nilirudishwa kwetu miezi mitatu, na miaka yote hii mama mkwe nimemsamehe, nilimzika, nililia, lakini jirani yule sikumsamehe, nilikuwa namtungia adhabu usiku, macho yapofuke, ulimi uoze, na leo nimeinama, narekebisha shashi ambayo haina haja ya kurekebishwa, na nimemwelewa vizuri kabisa, hakunichukia, alikuwa na mambo yake tu. Na mimi nilikufa? Sikufa, nilijikaza kisabuni, nikaenda chuo, nikawa mtu, ningeachwa palepale ningekuwa bado nafuta vumbi kwenye kioo cha watu, huyu naye ana mikono, ana akili, anajua kumgeuza mgonjwa, huko kwao kuna wagonjwa pia... sikiliza mtu anavyojisemea, sikiliza, baada ya dakika nne nitakuwa namfanyia hisani.

“Mama,” anasema binti mkubwa, amezunguka kitanda, ameinama upande wa pili, miwani imening'inia shingoni, anasema kwa sauti ya juu kama vile kiharusi ni uziwi, “mama, ni nani aliyekuharibia mguu, nionyeshe, ni nani?” na macho ya bibi yanatoka kwangu yanazunguka chumba, yanapita kwa binti yake, yanapita kwa mkamwana, yanarudi kwangu, yanakaa, anajua, aliona plasta, aliona mkasi, jicho lilikuwa wazi, ana maneno matatu na moja linatosha kuniua, mkono wa kulia unainuka kutoka kwenye shuka, kucha mbele, unakuja, unasimama hewani mbele ya kifua changu, na mimi sipumui, nawaza kwa upole wa ajabu kwamba afadhali, afadhali iwe hivi, atoe yeye... na mkono unanipita. Unanipita begani kwenda nyuma yangu, mpaka kwa aliyeshika beseni, na nusu ya mdomo inafunguka, “Huyo,” anasema bibi, waziwazi, hajawahi kulitamka vizuri kiasi hicho, “huyo, huyo,” kisha anacheka, na mkono wake unaposhuka unaangukia juu ya mkono wangu, palepale penye mkwaruzo, ananipapasa, mara mbili, kama watu wanavyopongezana. Miezi mitano nimejidanganya kwamba ananichukia mimi, mimi si mtu wa kuchukiwa na huyu, mimi nakuja na kuondoka, anayechukiwa ni anayembadilisha nepi, anayemfuta, anayemwona uchi kila siku ya Mungu na bado anamwita mama kwa heshima, mtu hamsamehi anayemsafisha, nilipaswa kulijua hilo kuliko wote, na tazama, amengoja, ana maneno matatu duniani na moja alikuwa amemwekea mkamwana wake, hajui tu kwamba amelinunua kwa mguu, na hata angejua, namtazama macho, nadhani angelinunua vilevile.

“Umesikia,” anasema binti mkubwa, hata hapigi kelele, ni mtu aliyepata alichokijia, tayari anatafuta simu kwenye mkoba, “umesikia kwa mdomo wa mwenyewe, nenda kafungashe, watoto wakitoka shule wakukute mlangoni,” na mimi namngoja mkamwana, nangoja apige ukunga, atupe beseni, aseme dakika saba, zimo, zimeandikwa kwa mkono wake, angefungua tu lile daftari akaweka kidole kwenye mstari mmoja juu ya Jumamosi ningekuwa nimekwisha, nangoja, karibu nitake, lakini halifungui, hawezi kulifungua kwa sababu hajui lina nini, mtu anayeandika kila kitu kwa uaminifu hajui alichoandika, anasema, na sauti yake imekuwa ndogo kabisa, “Labda mfuko ulivuja, niliuangalia lakini labda sikuangalia vizuri, mtoto alikuwa analia, labda... nisamehe mama, nisamehe wifi,” kisha anazunguka, anakuja mpaka mbele yangu, beseni bado mikononi, halii, macho makavu kabisa, “nisamehe na wewe sista, kazi yako yote nimeiharibu, nifundishe tena kuufunga, nipe muda niende nikachukue mfuko, hata kama naondoka nataka nijue nilikosea wapi.” Nilikosea wapi. Dakika bado tatu, shashi haijalegea, naigusa kwa ncha ya kidole haijalegea, maji ya chumvi yanadondoka kwenye plastiki tone moja moja, bibi ametulia, na mimi natafuta ndani yangu ile namba, nilikuwa nimefika nane, tisa inafuata, naitafuta kwa dhati, na pale ilipokuwa nakuta kitu kingine, cha moto, nadhani ni aibu, nangoja iwe aibu, si aibu, ni hasira, maana nauona mfuko, nauona kabisa, mpira umelegea juu ya goti, yeye amegeuka nyuma kumtuliza mtoto, maji yanashuka ndani kimyakimya, siku mbili nzima hakuna aliyejua, ningewezaje mimi kujua, mimi nakaa nao saa ngapi, na huyu yuko hapa mchana na usiku. “Mguu wa mtu si nguo ya kuloweka,” namwambia, na sauti yangu haitetemeki, mikono yangu haitetemeki, nimemkasirikia kweli, miezi mitano namfundisha, hatua kwa hatua, kwa mikono yangu hii, kisha tazama alichomfanyia bibi wa watu.